Ukimwambia mlevi aache, mwambie pia aende wapi

Juma hili ningependa tuzungumze kuhusu swali ambalo sikufundishwa kulijibu chuoni. Niliulizwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa makamo, aliyekuwa amelazwa kwa mara ya tatu kwa ajili ya pombe. Nilikuwa nimemtundikia dripu, nikampa vitamini na dawa ya kutuliza mtetemeko, na siku ya tano, mikono yake ilipoweza kushika kikombe bila kumwaga chai, nikamwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani. Kabla hajaondoka nikampa mawaidha niliyozoea kuwapa wote: "Mwalimu, ini lako limechoka. Acha pombe kabisa."

Alinitazama, kisha akasema kwa upole: "Daktari, hii ni mara ya tatu unaniambia niache. Hujaniambia hata mara moja niende wapi saa kumi na mbili jioni."

Niliona haya. Mtu anayekunywa kila siku hahitaji daktari wa kumwambia kwamba pombe ni mbaya. Hilo analijua kutushinda sisi. Amezihesabu shilingi zilizopotea, ameyaona macho ya watoto wake, ameapa mbele ya wazee na kuvunja kiapo kabla ya mwisho wa mwezi. Asichokuwa nacho ni mahali pa kwenda ile saa ambayo miguu yake, bila kuulizwa, hugeuka kuelekea baa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 iliruhusu baa za kawaida kufunguliwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kila mtu mtaani anaijua saa hiyo. Je, ni wangapi wanaojua siku na saa ya mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha pombe katika mji huo huo?

Maoni yangu ni haya: kumwambia mlevi aache pombe bila kumwonyesha mkutano wa kwenda ni kumpa nusu ya matibabu. Na sisi madaktari ndio wa kwanza kulaumiwa. Kabla ya mwalimu huyo kulikuwa na dereva mmoja wa matatu, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 40. Nilimtibu mara mbili, na mara mbili nikamrudisha mitaani na mawaidha yale yale. Mara ya tatu aliletwa usiku akitapika damu, na hakukucha. Sidai kwamba mkutano ungemwokoa. Nasema tu kwamba sikumwambia upo.

MKUTANO WENYEWE

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, au AA kwa kifupi, maana yake walevi wasiotajwa majina. Kilianza mwaka wa 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, naye akajikuta peke yake hotelini, baa iko pale pale, kiu imempanda. Badala ya kuingia baa, alishika simu akaanza kupiga huku na huku akimtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwishowe akaelekezwa kwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Wawili hao ndio walioanzisha AA.

Tazama jambo hili, msomaji. Hata mkutano wa kwanza kabisa ulitafutwa, tena kwa taabu. Na yule daktari, pamoja na elimu yake yote, hakusaidiwa na daktari mwenzake. Alisaidiwa na mtu aliyekuwa ameonja sumu ile ile.

Ndani ya mkutano hakuna ajabu. Watu huketi kwa muda wa saa moja hivi. Mmoja huongoza, wengine husimulia kwa zamu jinsi walivyokunywa, jinsi walivyoacha, na jinsi walivyoipitisha siku ya leo. Unajitambulisha kwa jina lako la kwanza tu. Huulizwi kabila, kazi, wala dhehebu. Hakuna ada ya kujiunga. Kikapu kikipitishwa ni cha kulipia chumba na majani chai, na asiye na kitu hapungukiwi heshima. Sharti ni moja tu, nalo ni kutaka kuacha pombe. Ukitaka kukaa kimya siku ya kwanza, kaa kimya. Hakuna atakayekulazimisha kusema.

Sisi Wakenya si wageni wa kukaa mduara. Tuna vyama vya akina mama, vya mazishi na vya kuchangiana fedha kila mwezi. Tunajua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni ajabu basi kwamba mtu akishikwa na pombe tunamtaka apigane peke yake, tena gizani, na akianguka tunamcheka.

JE, INASAIDIA?

Baadhi ya madaktari wenzangu huiona mikutano hii kuwa porojo za kanisani. Nami nilikuwa na shaka hiyo. Lakini mwaka wa 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa matibabu, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Katika tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, asilimia 42 ya waliounganishwa na AA kwa utaratibu maalumu walikuwa hawajagusa pombe baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa waliopewa matibabu mengine ya ushauri, waliofaulu walikuwa asilimia 35.

Nazitaja hesabu hizi bila kuzitia chumvi. Zinaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu walirudi kunywa. Mkutano si muujiza. Lakini ni dawa isiyo na bei, isiyoisha kwenye duka la hospitali, na ambayo mtu anaweza kuitumia maisha yake yote. Ni dawa ngapi tulizo nazo za namna hiyo?

Kuna utafiti mwingine mdogo unaonigusa zaidi. Mwaka wa 1981 watafiti wawili wa Marekani, Sisson na Mallams, waliwachukua wagonjwa 20 wa pombe. Nusu yao walipewa maelezo ya kawaida: mkutano uko mahali fulani, nenda. Kwa nusu ya pili, simu ilipigwa papo hapo kwa mwanachama wa kikundi, naye akaahidi kuandamana na mgonjwa. Wale 10 wa simu walihudhuria wote. Wale 10 wa maelezo hakwenda hata mmoja. Kwa hiyo kumpa mgonjwa karatasi yenye anwani hakutoshi. Mtu anayetetemeka hawezi kuivuka peke yake kizingiti cha chumba asichokijua.

NAMNA YA KUUTAFUTA

Baada ya swali la mwalimu niliamua kuutafuta mkutano mwenyewe. Haikuwa rahisi. Nambari ya kwanza ya simu niliyopewa ilipokewa na fundi wa nguo ambaye hakuwa na habari yoyote. Jumamosi tulikwenda, mimi na mwalimu, hadi ukumbi mmoja tulioelekezwa, tukakuta kikundi kilihama zamani. Jumamosi iliyofuata tulifika kwenye lango la kanisa moja. Bawabu akatuuliza tunakwenda harusini? Nikababaika, sikutaka kusema neno "ulevi" mbele ya mwalimu. Bawabu akatusaidia: "Ama mnawatafuta wale wa chai? Wao hukutana nyuma pale, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili."

Saa kumi na mbili jioni! Mwalimu alicheka, nami nikacheka. Bawabu hakujua ni watu gani. Alijua tu kwamba wanafika kwa wakati, wanakunywa chai, na wanaacha chumba kikiwa safi. Siri yao ilikuwa imehifadhiwa hata kwa mlinda lango.

Ili wewe usitaabike kama sisi, fuata hatua hizi. Kwanza, piga simu nambari 1192 ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na mihadarati. Simu hiyo hailipiwi. Waambie uko mji gani na uwaulize wapi utapata ushauri na kikundi. Pili, uliza katika hospitali yenye wadi ya magonjwa ya akili au kituo cha kurekebisha tabia, hata kama hutaki kulazwa. Wahudumu wa mahali kama hapo mara nyingi wanajua vikundi vya karibu. Tatu, uliza katika ofisi za makanisa na kumbi za jamii, kwa sababu vikundi vingi hukodi vyumba huko hata kama si vya kanisa hilo. Nne, ikiwa unaishi mbali na mji, tumia simu yako. Tangu janga la korona mwaka wa 2020, mikutano mingi imekuwa ikifanywa kwa njia ya video kwenye intaneti, na mtu aliye kijijini anaweza kuketi na walio mbali.

Ukipata jina la kikundi, usifunge safari kabla ya kuthibitisha. Uliza mambo manne: siku, saa, lugha inayotumiwa, na kama mkutano uko wazi au umefungwa. Mkutano wa wazi unaweza kuhudhuriwa na mtu yeyote, hata mkeo, ndugu yako au daktari. Uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe pekee. Kwa siku ya kwanza, ikiwa unaogopa, tafuta ulio wazi uandamane na mtu unayemwamini. Uombe pia nambari ya mwanachama mmoja atakayekungoja langoni.

VISINGIZIO TUNAVYOVIJUA

Najua unayowaza. "Nitaonekana." Ndiyo, huenda ukakutana na jirani. Lakini naye atakuwa amekuja kwa jambo lile lile lililokuleta wewe. Tena, majirani walikwisha kukuona ukiyumbayumba barabarani. Ikiwa haya imekuzidi, panda matatu uende mtaa wa pili au mji wa pili. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hesabu ya baa ya jioni moja.

"Mimi si mlevi, ninakunywa tu." Jiulize maswali manne ambayo madaktari wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi. Umewahi kuona kwamba inafaa upunguze? Umewahi kukasirika watu wakikusema kuhusu unywaji wako? Umewahi kuona hatia kwa sababu yake? Umewahi kunywa asubuhi ili utulize mikono, ile tunayoita kutoa loki? Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, nenda ukapimwe. Shirika la Afya Duniani nalo lina maswali 10 yanayoitwa AUDIT, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 ambamo maswali hayo yalitayarishwa. Kwa hivyo usiseme ni mambo ya Wazungu. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja katika kila 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa na uraibu wa pombe. Hauko peke yako.

"Hiyo ni dini ya wengine." AA humtaja Mungu katika hatua zake 12, lakini humwachia kila mtu amwelewe kwa imani yake. Muislamu, Mkristo na asiye na dini wanaweza kuketi pamoja. Anayetaka njia isiyotaja dini kabisa anaweza kuwatafuta SMART Recovery, shirika lililoanza Marekani mwaka wa 1994, ambalo pia lina mikutano kwenye intaneti. Na ikiwa kanisa au msikiti wako una kikundi cha kweli kinachokutana kila juma, wenye tatizo wakizungumza wao wenyewe, hicho nacho ni kizuri. Maombi ya siku moja bila kikundi cha kesho yake ndiyo yanayonitia wasiwasi.

"Nilikwenda mara moja, sikupendezwa." Hata viatu hujaribu jozi kadhaa. Vikundi havifanani. Kimoja kina wazee watupu, kingine vijana. Kimoja kina wanaume watupu na mwanamke akiingia huona ameingia kilabuni tena. Dada yangu, ikiwa ndivyo, uliza kikundi cha wanawake au cha mtandaoni, wala usirudi nyumbani ukasema AA si yako. Mimi huwaomba wagonjwa wangu wahudhurie angalau mara sita, katika vikundi viwili tofauti ikiwezekana, kabla ya kukata shauri. Ukimpata mmoja aliyeacha zamani na ambaye maneno yake yanakuingia, mwombe awe mdhamini wako, yaani mtu wa kumpigia simu kiu inapokushika usiku.

ONYO MUHIMU

Kuna jambo moja ambalo mkutano hauwezi kulifanya, nalo ni kazi yetu madaktari. Ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku, na asubuhi unatetemeka, unatoka jasho au unatapika mpaka uonje pombe, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kikombe cha mwisho mtu wa namna hiyo anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, na moyo kwenda mbio. Hali hiyo huua. Nenda hospitalini kwanza, upewe dawa za kutuliza na vitamini B1 chini ya uangalizi kwa siku chache. Aidha, usinunue dawa hizo za usingizi kiholela, kwani nazo zina uraibu wake, na zikichanganywa na pombe huzima pumzi. Tiba ya hospitali hufungua mlango, na mkutano ndio unaokuzuia kurudi nyuma.

KWA JAMAA NA KWA WENZANGU

Mama, baba, mke au mume wa mlevi, nawe umeugua. Umeficha pesa, umedanganya mwajiri wake kwamba ana malaria, umekesha ukingoja mlango ubishwe. Tangu mwaka wa 1951 kuna kikundi cha jamaa wa walevi kiitwacho Al-Anon, na kuna Alateen kwa vijana wao. Unaweza kwenda hata kama mlevi wako amekataa. Na akikubali kwenda kwake, usimhoji akirudi. Mwandalie chakula cha jioni, umwache apumzike.

Kwa madaktari, matabibu na wauguzi wenzangu, ombi langu ni dogo. Kila hospitali na zahanati iwe na karatasi moja ukutani yenye vikundi vya karibu, siku zake na saa zake, na mtu mmoja apewe jukumu la kuihakikisha kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu vikundi huhama na simu hubadilika. Mgonjwa wa pombe asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla simu haijapigwa mbele yake. Katika kadi yake, chini ya majina ya dawa, tuandike: Jumanne, saa kumi na mbili jioni, ukumbi fulani, atapokelewa na fulani. Kaunti hutoza ada za leseni za baa kila mwaka. Sioni kwa nini zisitoe vyumba vya bure vya mikutano jioni, katika kumbi za umma ambazo wakati huo hukaa tupu na kufuli mlangoni.

Na yule mwalimu? Alihudhuria miezi miwili, kisha akaanguka. Siku ya malipo alinywa mpaka akapoteza viatu. Zamani angejificha mpaka aletwe kwangu kwa mkokoteni. Safari hii watu wawili wa chai walimfuata nyumbani, wakamleta hospitalini asubuhi, na Alhamisi wakamrudisha kwenye kiti chake. Hawakumlaumu. Walimwambia kiti kilikuwa kikimngoja.

Sasa ni mwaka wa nne hajaonja. Siku hizi, nikiwa na mgonjwa ambaye mikono yake imetulia, huwa sisemi mengi. Humpigia mwalimu simu nikiwa nimeketi pale pale kando ya kitanda, kisha nampa mgonjwa azungumze naye mwenyewe. Mwalimu humwambia jambo moja tu: nitakungoja langoni, saa kumi na mbili kasorobo.